Chuma Chakavu: Mguu Ambao Haukushuka

Wiki iliyopita tulimwacha Masharubu kifuani mwa mtu. Wasomaji kadhaa wameniandikia kunilaumu. Mtu kakumbatiwa na rafiki yake wa ujana, wanasema, hapo kishindo kiko wapi? Subirini. Kuna kukumbatiwa kunakouma kuliko kofi, na Masharubu alikuwa anakuonja Jumamosi ile, saa tisa alasiri, juu ya jukwaa la ukumbi mtupu, bendi nzima ikimtazama.

Aliyemkumbatia ni Nyundo, mpiga dramu wa kwanza wa Chuma Chakavu. Miaka kumi na tisa alikuwa hajakanyaga jukwaa. Aliingia kwa mlango wa nyuma na mkewe, akampita kila mtu bila salamu, akamshika Masharubu kwa mikono yote miwili na kumng'ang'ania. Kisha akachukua maikrofoni na kusema kwa sauti kubwa mno:

"Hawa wote walinitupa. Huyu peke yake alikuja nyumbani kunijulia hali. Huyu ni ndugu."

Masharubu, mpiga besi, akatazama viatu vyake.

Kwa wanaojiunga nasi leo nitasema haraka. Chuma Chakavu ni bendi ya roki yenye umri wa miaka arobaini na moja. Jina walijipa wakiwa vijana, kwa utani. Sasa limewakaa sawasawa. Watu kumi na saba wameingia na kutoka. Mmoja alioa, mmoja aliokoka, mmoja alitoka mara moja kununua betri na hadi leo anazinunua. Wa mwanzo amebaki Masharubu tu. Kiongozi ni mwimbaji wao, mama mwenye sauti ya kupasua bilauri, na kwa kuwa alitanguliwa na waimbaji wawili mashabiki walimwita Wa Tatu. Mpiga dramu wa sasa anaitwa Mgeni. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu walimpa jembe siku ile ile aliyofika, na miaka kumi na tisa baadaye hakuna aliyekumbuka kumvua ugeni.

Saa kumi na mbili jioni milango ingefunguliwa kwa onyesho la kuadhimisha miaka yote hiyo. Wa Tatu ndiye aliyemwalika Nyundo aje apige wimbo mmoja, watu wamshangilie, yaishe.

"Karibu, kaka," alimwambia. "Ya kale tuyaache."

Nyundo hakujibu. Mkewe akasogea mbele yake, akamtazama usoni na kurudia upesi, nusu akiyameza maneno: "Anasema, karibu. Ya kale yaachwe."

"Siyaachi," Nyundo akanguruma. "Ndiyo yaliyonileta."

Wa Tatu akakunja uso. "Wifi, mbona unamrudia maneno?"

Nyundo aliliona swali mdomoni mwake, akalijibu mwenyewe. "Kwa sababu sisikii, dada. Na si tangu jana. Mlinifukuza nikiwa kiziwi wa miaka sita."

Mgeni alicheka. Alipoona hakuna mwenzake anayecheka, akajifanya anakohoa.

"Haiwezekani," Wa Tatu alisema. "Miaka sita hiyo ulikuwa unashika mapigo kuliko saa ya ukutani. Ungepigaje kama husikii?"

"Muulizeni ndugu yangu."

Wote wakamgeukia Masharubu. Mwenyewe alikuwa ameukumbatia mkono wa gitaa lake la besi kwa nguvu.

"Ni kweli," akasema. "Tulikuwa na njia yetu."

Njia yenyewe ilikuwa hii. Dramu za bendi hukaa juu ya kijukwaa cha mbao, kimo cha goti hivi. Nyundo alipiga pekupeku, na watu walidhani ni maringo ya usanii. Masharubu naye alisimama ubavuni, mguu wa kushoto juu ya ukingo wa kile kijukwaa, na kila pigo la kwanza alishusha kisigino, pu! Mbao ikatetemeka, nyayo za Nyundo zikapokea, mikono ikafanya kazi. Masikio hayakuhitajika.

Mkao ule wa Masharubu unaujua hata kama hupendi roki. Umechorwa kwenye fulana na kwenye kuta za vinyozi. Vijana wanaojifunza besi huufanyia mazoezi mbele ya kioo, mguu juu, kidevu mbele. Hawajui kwamba mzee yule hakuwa anapozi, alikuwa kazini.

Mgeni alikuwa anakuna kichwa. "Sasa mimi mbona unanishushia mguu? Miaka kumi na tisa unanitetemeshea kiti, na masikio yangu mazima!"

"Mazoea," Masharubu akajibu.

Mazoea! Hapana, hapa sina budi kumvua nguo hadharani, na anisamehe. Masharubu alimshushia mguu mtu asiyeuhitaji, onyesho baada ya onyesho, kwa sababu siku moja alimnyima aliyeuhitaji.

Ilikuwa hivi. Miaka kumi na tisa iliyopita, wiki moja kabla ya tamasha kubwa la uwanjani, Masharubu aliwaletea wenzake wimbo. Hakuwahi kutunga kabla ya hapo wala hajatunga tena. Alimtungia mama yake, aliyekuwa mgonjwa kitandani. Wakaujaribu. Nyundo aliupokea kwa nyayo tu, akapiga mwayo na kusema, "Huu wimbo unatembea kwa magongo." Wakaangua kicheko wote. Wimbo ukafa pale pale, na mama mtu hakumaliza siku tatu.

Ikafika siku ya tamasha. Uwanja umejaa, redio inarusha moja kwa moja. Katikati ya wimbo wao mkubwa kuna kituo: bendi nzima inanyamaza ghafla, mapigo manne ya kimya, halafu wote wanaingia kwa pamoja. Nyundo aliingia kwa mguu wa Masharubu. Siku hiyo Masharubu akasema moyoni, ngoja nimtie adabu kidogo huyu.

Mguu haukushuka.

Nyundo alisubiri, akakosa, akabahatisha. Akaingia peke yake mahali pasipo pake, akapiga kwa nguvu zake zote, macho yamefumba, akiamini wenzake wako naye. Wenzake walikuwa wamesimama mikono imewaning'inia. Uwanja ukaanza kucheka, na redio ikakisambaza kicheko kile majumbani. Zilipita sekunde arobaini kabla hajafumbua macho.

Kesho yake wakamfukuza kwa ulevi. Siku ile hakuwa ameonja hata tone.

Haya, turudi ukumbini, maana Nyundo alikuwa bado anasema.

"Siku ile mguu wake sikuupata. Nikaamua miguu nayo imekufa kama masikio. Nikaacha muziki. Miaka yote hii niko karakana, napasua mbao. Mwezi uliopita nikamwambia bosi, zima mashine, mkanda unalegea. Akaniambia, wewe kiziwi umeusikia wapi? Akafungua. Mkanda umechanika nusu nzima!" Alipiga sakafu kwa kisigino. "Nimeusikia kwa hapa. Basi nikajiuliza, kama miguu ni mizima, siku ile ilikuwaje? Sijalala vizuri tangu nijiulize. Nimekuja niijaribu. Ndugu yangu, shusha mguu kama zamani."

Akaketi ngazini akivua viatu. Soksi yake moja ilikuwa imetoboka kidoleni, na mkewe akaikunja haraka na kuificha mkobani.

"Kiti chako hiki, mzee," Mgeni akasema, akampisha kwa adabu.

Fundi mitambo, mama mmoja mnyamavu aliyekaa nyuma ya meza ya sauti mwisho wa ukumbi, akawasha maikrofoni za dramu moja baada ya nyingine. Masharubu akachukua mkao wake. Mguu ulikuwa mzito siku hiyo, nakuambia.

Wakapiga ule ule wimbo wa kituo.

Nyundo alianza kwa kutafuta tafuta, kama mtu anayepapasa swichi ya taa. Halafu nyayo zikashika. Mabega yakashuka. Miaka kumi na tisa ya mbao na vumbi ikamtoka mikononi, na Mgeni, ambaye alikuwa amesimama pembeni na uso wa huruma, akaanza kutazama vile vijiti kwa wivu.

Kikaja kituo. Kimya. Moja, mbili, tatu, nne. Masharubu akashusha kisigino, pu! Nyundo akaingia na bendi nzima, bila kupungua wala kuzidi.

"Hoyee!" Wa Tatu akapiga kelele, akasahau kuimba.

Nyundo hakuendelea. Aliweka vijiti juu ya magoti. Alikuwa analia, machozi yanamtiririka mashavuni wala hajishughulishi nayo.

"Mizima," akasema. "Miguu yangu mizima. Basi kumbe ni mimi. Mguu wake ulishuka siku ile, mimi nilikuwa nimevimba kichwa, najiona mfalme, sikuusikiliza. Dada, mlinifukuza kwa haki. Nimewalaani kila asubuhi kwa miaka kumi na tisa, bure. Naomba mnisamehe wote."

Msomaji wangu, umewahi kumwona aliyeibiwa akimwomba radhi mwizi? Masharubu alimwona, hatua mbili mbele yake, amejifunika uso kwa taulo.

Masharubu akasogea. Akachuchumaa kando ya ngoma kubwa, akaliinamia sikio la rafiki yake. Tena sikio bovu. Tena mwenye sikio amejifunika. Na hata asingejifunika, Nyundo alikuwa akisoma midomo ya dunia nzima isipokuwa ya Masharubu, kwa sababu ya ule msitu uliompa jina. Akachagua mahali salama kuliko pote pa kuungama, mwoga yule, na hapo ndipo ulimi ukafunguka.

"Sikuushusha, ndugu yangu. Wewe hukukosea kitu. Nilikasirika kwa ajili ya wimbo wa mama. Nilitaka ukose mapigo manne tu, basi. Halafu ulipokosa..." Akaushika ukingo wa ngoma. "Nilipenda. Nilisimama pale wanakucheka, nikapenda. Ningeweza kuushusha wakati wowote. Sekunde arobaini, sikutaka."

Alisikia mtu mwingine akiyasema maneno yale. Alisikia mtu huyo ni mkubwa sana, yuko juu ya dari, yuko kila kona ya ukumbi. Akainua macho.

Maikrofoni ya ngoma kubwa ilikuwa shubiri moja kutoka mdomoni mwake, na ilikuwa wazi.

Fundi mitambo alikuwa amesimama, mkono juu ya swichi, amechelewa. Mgeni aliketi chini pale pale alipokuwa. Kikombe cha Wa Tatu kilimtoka mkononi, kikavunjika, na hakuna aliyegeuka kukitazama. Spika kumi na mbili zilikuwa zimemaliza kusema, na watu wote wa bendi walikuwa wamesikia, mke wa Nyundo akiwemo. Asiyesikia alikuwa mmoja tu, yule aliyeambiwa.

Nyundo akashusha taulo. Akaziona sura.

"Kuna nini?" akauliza. "Nani kafa?"

Nyundo akamtafuta mkewe kwa macho. "Mama, wanasema nini?"

Mama yule akapanda jukwaani taratibu, akashika ukingo wa kile kijukwaa, akajiweka mbele ya uso wa mumewe. Masharubu akafumba macho kusubiri hukumu.

"Anasema," mama akatamka, "alikukumbuka sana."

Nyundo akatabasamu. "Sasa kwa hilo ndiyo mkavunja vikombe?"

Masharubu akafumbua macho. Shemeji yake alikuwa amemgeukia, kiganja kimeziba mdomo kama anazuia chafya, na nyuma ya kiganja yalikuwa yanatoka maneno ya moto.

"Nyamaza hivyo hivyo, shemeji. Umesikia? Siku iliyofuata lile tamasha ulikuja kwangu. Nilikuwekea kiti, nikakupa chai. Ukaniambia, 'Shemeji, mguu niliushusha, mwenzangu alikuwa amelewa.' Kwa kinywa chako hicho!"

"Niliogopa," Masharubu akasema.

"Yeye aliniambia mguu haukushuka. Mwaka mzima aliniambia, chakulani, kitandani. Nikamwita mlevi, nikamwita mwongo, mbele ya watoto wake. Dramu zake nikazigawa kwa majirani. Ngoma kubwa nikaigeuza kiota cha kuku, na yeye ndiye aliyekuwa anaokota mayai humo! Mpaka akachoka, akakubali kwamba miguu imekufa. Mimi ndiye niliyemkubalisha. Ukimwambia leo, mimi nitamtazama kwa uso gani?"

"Lazima aambiwe," Wa Tatu akaingilia, naye amejiziba mdomo kwa karatasi ya maneno ya wimbo. "Mtu kaniomba radhi mimi, niliyemfukuza!"

"Aambiwe baada ya onyesho," Mgeni akasema nyuma ya kofia.

"Aambiwe leo, alipuke leo? Hamumjui!"

"Wifi, ni haki yake."

"Haki yake, aibu yangu!"

Nyundo alikuwa akiwatazama mmoja baada ya mwingine. Kiganja, karatasi, kofia.

"Mbona wote mmeziba midomo?" akauliza. "Mmeumwa meno kwa pamoja?"

Nyundo akamvuta mkewe kwa kiwiko, si kwa ukali, akamgeuza uso wake umwelekee.

"Mama, midomo yako naisoma robo karne sasa. Ukisema kweli unayameza maneno, mpaka nikuombe urudie. Ukisema uongo unayatamka vizuri mno. 'Alikukumbuka sana.' Hujawahi kunitamkia vizuri vile tangu tuoane." Akamwachia. Akamgeukia Masharubu. "Sema wewe. Ulikuwa unaongea na maikrofoni yangu, mbao zimenitetemekea nyayoni. Sema."

Masharubu akasema.

"Sioni," Nyundo akasema. "Kichaka hicho sioni kitu."

Basi Masharubu, mzee wa miaka sitini na mitatu, mwenye masharubu yaliyochapishwa kwenye fulana, akaweka besi chini. Akaingiza vidole chini ya masharubu yale pande zote mbili, akayainua juu kama mtu anayefungua pazia, midomo ikabaki wazi, myembamba. Katika siku nyingine ukumbi mzima ungekufa kwa kicheko. Siku ile hakuna aliyecheka.

"Mguu," akasema polepole. "Sikuushusha."

Nyundo aliisoma midomo ile. "Ulisahau?"

"Hapana."

"Sekunde zote?"

"Zote. Kwa makusudi."

"Kwa nini?"

"Kwa ajili ya wimbo wa mama yangu. Ulisema unatembea kwa magongo."

Nyundo akakunja uso. Akatafuta kichwani, ikaonekana wazi kwamba anatafuta kwa bidii, kwamba angependa kuupata. "Wimbo gani?" akauliza.

Hakuukumbuka. Masharubu akaachia masharubu yake yakaanguka. Kwa miaka yote ile alikuwa amejifariji kwamba walau ulikuwa ugomvi wa watu wawili. Kumbe aligombana peke yake, akamvunja mtu asiyejua kama ana ugomvi.

Nilidhani Nyundo angempiga, na Mgeni naye alidhani hivyo, kwa maana aliinuka na kusogea. Nyundo hata hakumtazama tena Masharubu. Alimgeukia mkewe.

"Nilikuambia," akasema.

Ni hilo tu. Mama yule akakaa ukingoni mwa kijukwaa, mkoba mapajani.

Wa Tatu ndiye aliyeona ajitafutie mtu wa kumkasirikia. "Masharubu, toka! Leo hupandi hapa. Hata kama wewe ndiye wa kwanza na ndiye wa mwisho, toka!"

"Hatoki," Nyundo akasema. "Nani atapiga besi? Wewe?" Akafuta vijiti kwa taulo. "Na mimi napiga. Mlinialika wimbo mmoja, napiga wimbo mmoja. Ule ule. Watu wale wale walionicheka, waliobaki, waje wanisikilize nikiingia mahali pangu. Ila mguu wa huyu siutaki."

"Sasa utaingiaje, kaka?"

Nyundo akaelekeza kijiti. "Huyu hapa ataushusha."

Kijiti kilikuwa kimemwelekea mkewe.

"Mimi?" Mama akaruka. "Baba, mimi hata makofi ya harusini nachelewa! Watu wakimaliza, langu linasikika peke yake!"

"Utajifunza. Tuna saa mbili nzima. Mwalimu huyo hapo, hana kazi nyingine."

Ikawa hivyo. Wa Tatu akasogeza wengine pembeni, na Masharubu akabaki na shemeji yake kando ya kijukwaa, wawili waliomwambia mtu mmoja kwamba miguu yake imekufa. Nyundo juu yao, macho yamefumba, nyayo kwenye mbao, anasubiri.

"Moja, mbili, tatu, nne, shusha," Masharubu akamwelekeza.

Akashusha kwenye tatu.

"Tena. Moja, mbili, tatu, nne..."

Akachelewa. Nyundo alitikisa kichwa bila kufumbua macho, akagonga vijiti waanze upya. Hakumfokea, na afadhali angemfokea. Mara ya kumi akapatia. Ya kumi na moja akakosa. Ya kumi na mbili akavua kiatu, akidhani kiatu ndicho chenye makosa, akakosa pekupeku. Nje ya milango ya mbele watu walishaanza kuimba nyimbo za zamani wakisubiri kufunguliwa.

"Siwezi," mama akanong'ona. "Hesabu inanikimbia nikimtazama. Nikikosa mbele za watu, shemeji, itakuwa mimi nimemwaibisha mara ya pili. Hapa nilipo nyumbani sina pa kurudi."

"Usihesabu," Masharubu akasema baada ya kufikiri. "Nitazame mimi. Nitahesabu mimi. Ikifika, natingisha kichwa, unashusha."

"Kasema hautaki mguu wako."

"Si mguu. Ni kichwa."

Wakatazamana, na wote wawili wakaelewa wanafanya nini. Siku hiyo hiyo ya kuungama, dakika chache baada ya machozi, walikuwa wameanza kumficha tena mtu yule yule jambo lile lile. Walijaribu mara tatu, na mara tatu mguu ukashuka mahali pake sawasawa. Nyundo akafumbua macho, akamwangalia mkewe kwa namna ambayo pengine hakuwa amemwangalia tangu enzi za kuku.

"Umeona?" akamwambia. "Ulikuwa unaweza."

Mama akaitika kwa kichwa.

Saa kumi na mbili na robo ukumbi ulikuwa umefurika. Wengine walikuja na wajukuu, wengine na fulana za ule mkao zilizowabana tumbo. Wa Tatu alipotaja jina la Nyundo, kelele zilitikisa mapazia, ingawa mwenyewe aliziona tu. Kisha watu wakamwona mama wa makamo, pekupeku, akipanda na kuweka mguu ukingoni mwa kijukwaa cha dramu, na Masharubu akisimama mbali naye, miguu yote miwili sakafuni. Minong'ono ikapita safu kwa safu.

Wimbo ukaanza vizuri. Ukaendelea vizuri zaidi. Nyundo alipiga kama mtu aliyerudishiwa nyumba yake, na Mgeni pale pembeni akawa anapiga makofi kwa moyo mweupe.

Kikaja kituo. Bendi nzima ikanyamaza.

Moja.

Mama akainua mguu. Macho yake kwa Masharubu.

Mbili.

Masharubu hakupaswa kumtazama Nyundo. Alimtazama. Ukaonekana uso ule ule wa uwanjani, macho yamefumba, kidevu kimeinuka kidogo, unamwamini mtu. Kicheko cha miaka kumi na tisa kikapita masikioni mwa Masharubu, kikapita haraka tu, na kilipokwisha alirudi kwenye hesabu akaikuta haipo.

Ni tatu? Ni nne?

Shemeji yake anamtazama. Mguu uko juu. Nyundo anasubiri.

Siku ile ya kwanza hesabu aliijua, na alikusudia. Leo hakukusudia, hesabu haijui, na katika ukumbi ule mzima hakuna hata mmoja atakayemwamini.